Bukavu: bananiomba nilete watu 50 kwa mukutano ya plani ya muji. Tufanye aje ili raia wasikilizwe kweli?

kijana_ibanda

Jambo ba yaya, jambo ba mama na ba muzee wa hapa. Niko Bukavu, komini ya Ibanda, niko ndani ya komite ya vijana ya katiye (mutaa) yetu. Swali yangu ni ndefu kidogo munisamehe.

Juma iliyopita shefu wa avenyu aliniita kwake, akaniambia kuko proje ya kutengeneza upya kipande yetu ya katikati ya muji. Barabara, kanivo (mufereji ya maji), taa, pa kusimamisha magari, na ile soko ndogo yenye iko pembeni. Jina ya soko naacha ju sitaki mutu apate shida. Akatandika mezani karatasi moja kubwa, yenye rangi, muzuri kabisa, njo plani yenyewe ilitumwa na ofisi moja. Nikaiangalia nikatafuta kwetu nisikuone. Mama yangu anauzisha sambaza (samaki ndogo za ziwa) pale tangu niko mutoto wa kubebwa, nafasi yake kwenye karatasi ni rangi ya kijani, majani, na viti viwili vya kupumzikia. Zile ngazi za udongo zenye banamama wa kubeba mizigo wanapandia toka ziwani hazipo, pale wamechora ukuta. Na kanivo inatelemuka vizuri hadi pa kona, kiisha inakatika. Nikamuuliza shefu, maji ikifika pa kona inaenda wapi? Akasema bahandisi wanajua.

Sasa kutakuwa "mukutano ya raia". Siku moja tu, siku ya pili ya juma saa nne asubui, ndani ya sale moja yenye iko mbali na soko, na kila mwenye atakuja atasaini liste. Mimi naombwa nilete watu 50. Nilijibu ndiyo shefu, ju ni mutu mwenye ananiheshimu na mimi namuheshimu, lakini usiku ile usingizi ilikataa. Ile liste naiogopa. Kesho kesho kutwa mama yangu akiuliza nafasi yake iko wapi, bataleta karatasi, bataonyesha sinyature 50, batasema raia wote walikubali.

Musielewe vibaya, siko kinyume na proje. Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha saa nane za muchana na maji ikafika pa magoti, niliona mama wa nyanya akikimbiza beseni yake ikielea katikati ya barabara na nyanya zikitangulia mbele. Tunahitaji hii kazi ifanyike, tunaihitaji sana. Nataka tu wale wenye kukaa pale wawe wamesema kitu mbele mutu hajasaini. Mwenye alishafanya kitu kama hii aniambie alianzia wapi, tuite nani, na kama sheria inatusaidia ao hapana. Aksanti.

---

mama_wa_kadutu

Mwanangu jambo. Nimesoma yote na nimeisoma mara mbili, ju ni kama unaandika mambo yangu.

Saa nne asubui hakuna mama wa soko atakuja, na wenye kupanga hiyo saa wanajua ao hawakuuliza, kwetu ni sawa sawa. Saa nne njo bitu vimefika, njo wateja wa kwanza. Ukiacha meza yako saa nne umepoteza siku, na watoto wanakula kwa ile siku. Watakuja wanaume wenye hawana kazi na wamama wawili watatu wa kanisa, watakunywa sukre (soda), watasaini.

Mimi nilialikwa mukutano ya namna hiyo zamani, soko sitaitaja. Tulipewa sukre na mukate, bakatuonyesha picha, tukapiga makofi. Meza za sima zilikuja kujengwa, za nguvu, sikatai. Lakini hakuna mutu alituuliza sisi tunauzisha namna gani. Mama anauzisha amekaa, mwanangu. Amekaa pa kiti kifupi, mutoto eko mugongoni ao amelala pa kitenge katikati ya miguu, bitu viko chini mbele yake ili mukono ufike kila fungu bila kusimama. Zile meza zilikuwa zinafika hapa kifuani. Ukikaa mteja hakuoni, ukisimama toka saa kumi na mbili asubui hadi jioni mugongo unakufa. Juma tatu tu, kila mutu akarudi chini na bashi (turubai) yake, mbele ya meza. Mpaka leo watu wanaanikiaka muhogo juu ya zile meza. Makuta yote ile! Mutu mmoja angekuja na kamba ya kupima akamuomba mama mmoja akae, angejua ndani ya dakika tano.

Kwa hiyo nenda weye kwao. Fika saa kumi na moja jioni wakati wanakusanya bitu, kila mutu anapenda kuongea wakati ule ju siku imeisha. Usiende peke yako, enda na dada mmoja ao mama yako, ju kuko maswali yenye mama hatamujibia kijana. Muulize unakaa wapi, tangu lini, kodi ya kila siku unalipa kwa nani, muzigo wako unafika kwa njia gani, mvua ikikuja unaweka wapi. Na muulize anaenda choo wapi. Hiyo ya choo usiiache hata ukisikia haya. Kwa plani zote nimeona hakuna yenye ilianza na choo, na mama anakaa pale masaa kumi na moja.

Kitu ya mwisho na ni kubwa kuliko yote, andikeni liste yenu wenyewe, ya nafasi. Nani anakaa wapi, jina, anauzisha nini, miaka ngapi. Ifanyeni SASA mbele habari haijatoka inje. Siku habari ya soko mupya ikisikika, utaona watu wenye haujawahi kuona wanakuja na meza usiku, na siku ya kugawa njo wako mbele. Kiongozi wa likirimba (kikundi cha kuchanga na kupeana makuta kwa zamu) njo anajua wote, anajua mwenye ni mugonjwa, anajua mwenye amefiwa hajakuja mwezi muzima. Anzia kwake.

---

jeometre_bkv

Mudogo, mama amesema yote ya maana, mimi naongeza upande wa karatasi kwa sababu ni kazi yangu, niko jeometre, mupimaji wa udongo.

Kwanza, avenyu na katiye si mahali pa kuamua kitu. Kwa sheria ya 7 Oktoba 2008 ya entite za kujitawala, ni muji na komini ndio wana uwezo wao wenyewe, katiye ni sehemu ya utawala tu. Shefu wa avenyu anaweza kuita watu, lakini mukutano yake haifungi mutu. Barua yenu iende kwa bugumestre (mukubwa wa komini) na kopi kwa meri (mukubwa wa muji), na kopi yenu mukae nayo ikiwa imepigwa kashe (muhuri) na tarehe ya kupokelewa. Barua bila kashe ni kama haikuandikwa.

Pili, udongo. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, raia anapata haki ya kuutumia tu. Sasa pale kwenu najua hali, watu wachache wana sertifika ya udongo, wengine wana karatasi ya kuuziana yenye kusainiwa na shefu na mashahidi wawili, wengine wanapanga, na wengine kama mama yako hawana karatasi yoyote, wana miaka tu. Musiwachanganye kwenye liste moja. Katiba kifungu cha 34 inasema hakuna wa kunyanganywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote na kwa fidia ya haki yenye inalipwa MBELE, na njia ya kufuata iko kwa sheria ya 22 Februari 1977. Hiyo inalinda sana mwenye parseli (kiwanja). Mwenye kukaa na beseni haimulindi sana. Kwa hiyo ule anahitaji sauti kuliko mwingine, na ndio yule haalikwi.

Tatu, sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011. Proje yenye inaweza kuharibu mazingira inapaswa kuwa na etide (utafiti) ya matokeo yake, na kuwa na uchunguzi wa raia, ni kusema watu waelezwe na maoni yao yapokelewe mbele ya uamuzi. Ombeni hiyo etide kwa barua. Kama iko wataonyesha, kama haiko mtakuwa mumeuliza kwa maandishi, na swali lenye liko kwenye maandishi linatembea mbali.

Sasa ile kona ya kanivo. Umeona kitu kikubwa kuliko unavyofikiri. Bukavu yetu ni mutelemuko, plani yenye imechorwa kama vile muji ni meza ya bilia itatuumiza. Maji yenye mumeikusanya vizuri ndani ya sima inakuwa na nguvu kuliko ile yenye ilikuwa inatawanyika, na ukiiachia pa kona umemuchimbia korongo jirani wa chini. Kiisha ile maji inabeba plastiki zote za soko, inaingia mutoni Kawa ao ziwani moja kwa moja, na plastiki ya ziwani inafikaka pa Ruzizi, muto wenye unatoka ziwani, inaziba mashini za barrage (bwawa la umeme) ya Ruzizi I, na sisi wote tunakaa gizani. Mama wa nyanya na koupure ya umeme (umeme kukatika) ya Muhumba ni kanivo moja ile ile. Semeni hivyo kwa mukutano, itawafanya hata wenye hawana meza sokoni wasikilize.

Ushauri wa mwisho: karatasi ya rangi watu hawaisomi, na si ujinga, hata mimi mama yangu hajawahi kusoma plani zangu. Chukua vipimo vyake, enda sokoni jioni na kamba na chaki, chora chini pale pale. Hapa ukuta. Hapa kiti cha kupumzikia. Hapa gari zinasimama. Watu wasimame ndani. Utaona maneno yatakavyotoka.

---

muzee_wa_muhumba

Vijana wangu, nitasema kitu chenye hakitawapendeza, lakini nawaambia kwa moyo.

Mimi nimezeeka ndani ya huu muji. Nimeona barabara zikikosa kutengenezwa si kwa sababu raia hawakuulizwa, bali kwa sababu waliulizwa bila mwisho. Kila mwenye parseli anavuta kwake nusu metre, kila mukubwa wa kanisa anataka kanivo ipite kwa wengine, mwaka unaisha, pesa inarudi kule ilitoka. Kiisha mvua inakuja na inabomoa nyumba za wale wale wenye mulitaka kuwasikiliza.

Tena kuko mambo yenye hayapigiwi kura. Mulima wenye unateleza unateleza hata kama watu mia wanasema wamezaliwa pale. Tarehe 3 Februari 2008 udongo ulipotetemeka hapa hakuna nyumba iliyoulizwa. Kukiwa nyumba juu ya kanivo, lazima mutu mwenye mamlaka aseme hapana, toka, na akilipa fidia atoke kweli. Nyinyi munaandika kama vile raia hakoseaka. Raia njo alijaza korongo takataka, si ofisi.

---

jeometre_bkv

Muzee wangu, heshima kwako, na sehemu kubwa nakubali. Ile ya mulima ni kweli kabisa, najitafutiaka maadui kila juma kwa kazi yangu kwa kusema pale musijenge.

Lakini kwa ile sababu njo tunapaswa kutenganisha tangu saa ya kwanza. Mutelemuko, upana wa kanivo, mahali penye udongo unatembea, hayo bahandisi waseme na waeleze kwa nini, kwa Kiswahili, bila kuuliza kura. Urefu wa meza, ngazi, choo, saa ya kazi ili soko isifungwe mwezi wa Desemba, nani anarudi kukaa wapi, hayo bahandisi hawayajui na hawatayajua kamwe wakikaa ofisini. Ukiwaambia watu wazi wazi hiki tunawaeleza na kile tunawauliza, hawavuti nusu metre. Wanavuta wakidanganywa.

Na juu ya kujaza korongo, muzee, tuulize pia pubele (pipa ya takataka) ya mwisho iliwekwa pale mwaka gani.

---

wa_sms_2012

Naingilia kidogo ju hapa kwetu kitu hii haiko mupya. Wengi wamesahau ao walikuwa watoto.

Miaka ya 2011 na 2012 Kivu ya Kusini ilijaribu bajeti shirikishi, Ibanda ikiwa moja ya komini zenye ziliingia, na Institut ya Benki ya Dunia ilisaidia. Ile mawazo ilitoka mbali, Porto Alegre kule Brazil waliianza 1989, raia wa katiye wanakutana wanachagua sehemu ya pesa ya muji itumike wapi. Huku kwetu waliongeza telefone. Ulikuwa unapokea SMS yenye inakualika mukutano, unapiga kura kwa SMS, na kiisha unapokea SMS ya kukuambia nini ilichaguliwa. Mimi niliipokea. Nilikuwa pa mulango ya nyumba, telefone ikalia, nikasoma nikamuita bibi yangu aje asome naye, ju haijawahi kutokea komini iniandikie mimi kitu bila kunidai.

Nitawaambia chenye nilipenda na chenye kiliniuma. Nilipenda ile SMS ya mwisho. Watu wanaulizwaka sana, wanahesabiwa, wanaandikwa na mashirika kila mwezi, lakini hakuna mwenye kurudi kuwaambia ulisema hivi, tulifanya hivi, na hiki tulishindwa kwa sababu hii. Kurudi ile njo ilifanya watu wa kwetu waanze kuuliza juu ya kodi yao. Chenye kiliniuma, telefone ya nyumba ilikuwa ya baba. Mama wa sokoni wengi hawakuwa nayo, ao walikuwa nayo bila inite (pesa ya kupiga) wala umeme wa kuchaji, kwa hiyo SMS ilisikiliza baba zao na waume wao. Kijana, kama mutatumia WhatsApp mukumbuke ile. Grupu ya WhatsApp ya katiye itakuwa na kelele nyingi na mama wa kubeba mizigo hatakuwa ndani hata mmoja.

---

yaya_wa_goma

Salamu toka Goma. Niongeze kidogo tu.

Huku Januari 2002 lave (mawe ya moto yenye kuyeyuka) ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya muji, ikafunika duka, kanisa, kipande cha uwanja wa ndege. Wakubwa na mashirika wakaanza kusema watu wahamishwe wapelekwe pengine. Kabla hawajamaliza kuongea watu walisharudi, mawe ingali moto, wakaanza kutafuta parseli zao juu ya lave. Namna gani unatafuta parseli yenye imezikwa metre mbili chini? Majirani. Weye ulikuwa upande wa kushoto wa muti, mimi nilikuwa nyuma ya duka, hapa njo kona ya kanisa. Vichwa vya watu njo vilikuwa plani. Lakini mwenye hakuwa na jirani wa kumushuhudia, mujane, mutu wa kupanga, alipata shida sana. Kwa hiyo liste ya mama_wa_kadutu muiandike mukiwa bote, kila mutu amushuhudie jirani wake wa kushoto na wa kuume. Iko na nguvu kuliko jina moja moja.

---

motari_nguba

Na sisi ba motari, wenye pikipiki za kubeba watu, musitusahau. Kila plani inatuchora kama vile tutakufa kesho. Tukifukuzwa pa kona tunaenda kusimama mita ishirini mbele katikati ya barabara ju mteja anatoka sokoni na muzigo, hatatembea kutafuta parking. Tuitwe tuseme wapi mteja anatoka, tunajua kila mulango. Asosiasio yetu iko na prezida kwa kila parking, mutu anakuja akiitwa, hata saa kumi na mbili asubui.

---

kijana_ibanda

Narudi, juma mbili zimepita, nilisema sitarudi mikono mitupu.

Tulienda siku tatu jioni, mimi, dada mmoja wa komite yetu na mama yangu. Mama wa likirimba njo alitufungulia mulango, bila yeye tungefukuzwa ju watu walifikiri ni mambo ya kodi mupya. Tuliandika nafasi 94. Kwa karatasi ya ofisi kuko meza 60. Kila mutu alitaja jirani wa kushoto na wa kuume kama yaya wa Goma alisema, na mara mbili tulipata watu wawili wanataja nafasi moja, wakaongea wenyewe pale pale mbele ya wengine ikaisha. Kumbe mmoja anauzisha asubui mwingine jioni. Hakuna plani ingejua hiyo.

Siku ya tatu tulichora na chaki. Jeometre aksanti sana, ile wazo ni ya mungu. Dada alishika kamba mwisho mmoja, mimi mwingine, tukachora ule ukuta pale ngazi ziko. Kukawa kimya. Kiisha mama mmoja wa kubeba mizigo, alikuwa anatoka chini na gunia ya unga ya muhogo, kamba imemupita pa paji ya uso, akafika pa mustari ya chaki akasimama. Hakuweka gunia chini. Akatuuliza, "Sasa mimi nipite wapi?" Nikamuonyesha kwa karatasi kwamba kuko barabara ya kuzunguka, hapa, inatelemuka polepole. Akaangalia kule nilionyesha, akahesabu kichwani, akasema kwa ile njia safari sita za siku zitakuwa ine. Safari mbili njo anakulia na watoto. Akaruka mustari akapanda. Dada mwenye alikuwa anashika kamba akaiacha ikaanguka.

Niliandika yale maneno vile vile alisema na njo ya kwanza kwenye barua. Barua ina kurasa mbili na liste ya nafasi. Tumeomba bitu vine: ngazi zibaki na zitengenezwe kwa mawe na pa kushikilia, choo mbili na maji, meza zipimwe na mama akiwa amekaa, na waonyeshe kanivo hadi pale maji inaishia. Tumeuliza pia etide ya mazingira. Muzee wa Muhumba, neno lako tuliliweka, tumeandika kwamba nyumba tatu zenye ziko juu ya mufereji hatuombi zibaki, tunaomba fidia yao ilipwe mbele. Haikuwa rahisi, mwenye nyumba moja ni baba mukubwa wa rafiki yangu na hanisalimii tena.

Barua imepokelewa, kashe iko. Shefu wa avenyu kwanza alikasirika, akasema nimemupita. Nilienda kwake na baba yangu, tukakaa, tukaongea hadi usiku, nikamuonyesha liste ya nafasi na jina ya dada yake iko ndani, namba 31, anauzisha mukaa. Hakuwa anajua kwamba yeye pia hayuko kwa plani. Sasa njo yeye ameomba mukutano ihamie sokoni, saa kumi na moja jioni. Ofisi haijajibu bado.

Chenye tunashindwa ni banamama wa mizigo. Hawana asosiasio, hawana nafasi, wanapita tu, wengi wanatoka mbali na wanarudi usiku. Kwa liste yetu ya 94 hakuna hata mmoja. Tutawaandika aje?

---

mama_wa_kadutu

Mwanangu, umefanya kazi ya mutu mukubwa. Na ule baba atakusalimia siku akilipwa.

Wa mizigo usiwatafute sokoni, pale wanakimbia, mutu mwenye muzigo kichwani haulizwi maswali. Nenda chini pa maji, asubui saa kumi na moja na nusu, wanakaa wanangoja pirogi na maboti, wanakuwaka na nusu saa hawana kitu ya kufanya. Beba chai na bikombe. Mimi nitakuja, siku ya sita, nina bikombe ishirini. Na ile liste ya nafasi usiiweke kwa nyumba moja tu, weka kopi kwa mama wa likirimba, moja kwa padri ao pasta, moja kwenu, ju karatasi inaunguaka.

---

motari_nguba

Mama nitakuchukua weye na bikombe, saa kumi na moja niko pa mulango yako. Bure.